Star Trek: katuni au televisheni, kipi kilitangulia?

Ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu, kwamba Star Trek, hadithi ya safari za anga za juu, ilianza kama kitabu cha katuni kisha televisheni ikaiga, si kweli. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966. Kitabu chake cha kwanza cha katuni kilitoka 1967. Mwenye nakala ya zamani atazame mwaka uliochapishwa ndani. Hata jalada linajieleza: lina picha za waigizaji wa tamthilia yenyewe!

Wanaochanganya si wa kulaumiwa. Kule Uingereza watoto waliisoma kwenye jarida la katuni mwanzoni mwa 1969, miezi kadhaa kabla haijafika kwenye runinga zao. Na Flash Gordon, shujaa mwingine wa hadithi za anga za juu, kweli alianzia kwenye katuni za magazetini, 1934. Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa tarehe hizi.