Je, wajua kwa nini deki nyingine za CD hukataa nyimbo za MP3?

Umechoma nyimbo 150 za MP3 kwenye CD moja. Deki hii inazipiga zote, ile nyingine inaandika kwenye kioo chake kwamba hakuna diski. Lawama huangukia lenzi: imechoka, ina vumbi. Inafutwa kwa pamba, diski nayo inasuguliwa kwenye shati, na deki haitoi hata mlio.

Mara nyingi lenzi haina kosa. Alama za CD ya muziki wa kawaida na za CD yenye faili za MP3 husomwa na mwale uleule wa leza, kwa namna ileile. Deki inaziona vizuri tu. Tatizo ni kwamba haijui zinasema nini.

CD ya muziki, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kwa kazi ya Philips na Sony, huhifadhi sauti kama mfululizo wa namba: vipimo 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila spika. Deki huzipokea kwa zamu na kuzigeuza umeme wa kutikisa spika. Haihitaji akili nyingi, ila dakika 80 tu na diski imejaa.

MP3, ambayo wahandisi wa taasisi ya utafiti ya Fraunhofer nchini Ujerumani walichangia sana kuiunda, ni kama hati mkato. Karani anayeiandika hanakili kila herufi. Huacha yale ambayo msomaji hatayakosa. MP3 nayo huikata sauti vipande vya takriban sekunde 0.026, hupima kila kipande kina sauti nene na nyembamba kiasi gani, kisha hutupa au kukadiria tu zile ambazo sikio lisingezishika kwa kuwa zimefunikwa na sauti kubwa jirani. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, diski ileile hubeba zaidi ya saa 12. Lakini mtu ambaye hakusomea hati mkato, hata awe na macho ya tai, ataona mikwaruzo tu. Deki ya zamani ndiye mtu huyo: haina kichakataji cha kurudisha mikwaruzo kuwa sauti, wala haijui kupekua faili na folda kama kompyuta.

Hata hivyo, lenzi haiponi kila kesi. CD-RW, zile za kufuta na kuandika upya, huakisi mwanga kidogo kuliko nyingine, na deki kadhaa za zamani hushindwa kuzisoma hata zikiwa na muziki wa kawaida.

La ajabu zaidi ni hili: diski ya dakika 80 hupokea baiti milioni 847 hivi za muziki wa kawaida, lakini milioni 737 tu za faili. Namba moja ya muziki ikiharibika, deki hukisia kwa kutazama jirani zake na sikio halishtuki. Faili haikisiwi hivyo, kwa hiyo sehemu ya nafasi hutengwa kwa kusahihisha makosa. MP3 hupewa nafasi ndogo zaidi, na bado ndiyo inayodumu kutwa nzima.

Ukitaka deki ya zamani iimbe, iambie programu ya kuchomea itengeneze CD ya muziki badala ya CD ya data. Itazifungua MP3 ziwe namba za kawaida. Utarudi kwenye dakika 80, na kile kilichotupwa mwanzoni hakitarudi. Sauti itakuwa ileile ya MP3, ila imekalia nafasi mara 11.