"Fundi, Dashibodi Inalia": Dhana Zinazowafanya Watu Wafungue Magari Bure

Juzi mteja kaniletea gari, nusu ya dashibodi imefunguliwa, skrubu zimo kwenye mfuko wa nailoni na klipu 4 zimevunjika. "Fundi, dashibodi inalia. Nimeifungua mara mbili, nimejaza sponji kila mahali, bado inalia tu." Maneno hayo ya "dashibodi inalia" nayasikia karibu kila wiki, na mara nyingi dashibodi yenyewe haina kosa lolote. Nianze na hilo, na nitakaa hapo kwa muda kwa sababu ndilo linaloharibu magari ya watu.

Dhana: mlio unatoka pale unaposikika

Mara nyingi hautoki hapo. Bodi ya gari ni mabati yaliyochomelewa pamoja, na ndani ya chuma sauti hukimbia zaidi ya mara 10 ya kasi yake hewani. Kitu kinagonga mahali, mtikisiko unapita kwenye bodi, unaibukia kwenye kipande kipana cha plastiki ambacho hutetemeka kama ngozi ya ngoma. Unachosikia ni ngoma, aliyeipiga yuko kwingine. Juu ya hapo kuna kioo cha mbele, kimelala mbele yako na kukurudishia usoni kila sauti inayokigonga.

Halafu kuna masikio yenyewe. Kulia na kushoto tunajua kutofautisha vizuri. Mbele, nyuma, juu na chini tunababaika, ndiyo maana mtu akisikia kitu hugeuza kichwa ili apate uhakika. Dereva hawezi kugeuza kichwa, macho yake yako barabarani. Basi kila kinachogonga sehemu ya mbele anakiita dashibodi.

Yule mteja nilimwomba aendeshe kwenye barabara mbovu, mimi nikakaa pembeni yake na kukandamiza dashibodi kwa kiganja, sehemu moja baada ya nyingine. Mlio haukubadilika hata kidogo. Nikamwambia asimame, nikafungua boneti. Kuna vimpira viwili vya kukalia boneti, kimoja kila upande, vinavyozungushwa kama skrubu ili viinuke au vishuke. Cha kulia kilikuwa kimesuguliwa hadi kinang'aa. Cha kushoto kilikuwa na vumbi juu yake, vumbi la siku nyingi, halijaguswa. Maana yake boneti upande huo ilikuwa haikalii kitu, inaning'inia na kugonga kila shimo. Nikakizungusha mzunguko mmoja na nusu kupanda juu, tukarudi barabara ileile. Kimya. Ile dashibodi iliyofunguliwa mara mbili ndiyo sasa ilikuwa inahitaji klipu mpya, kwa kosa ambalo haikulifanya.

Kwa hiyo nawasihi: kabla hujashika bisibisi, tafuta kwanza. Toa kila kitu ndani ya gari, sarafu, chupa, miwani kwenye kibweta chake cha darini, jeki na vifaa vyake kwenye buti, hata tairi la akiba kama unaweza. Ukishatoa, mpe mtu mwingine usukani, wewe uwe msikilizaji. Kaa mbele, kisha hamia nyuma. Utashangaa mlio ulioapa uko mbele ukiusikia umo kwenye siti ya nyuma, pale kwenye kufuli la kukunjia mgongo wa siti. Shika ulimi wa mkanda wa kiti kisicho na mtu, maana huo hugonga plastiki ya nguzo ya pembeni ya mlango mchana kutwa. Shika vilaza kichwa. Kandamiza kwa kiganja bila kupigapiga, ukikandamiza na mlio ukakoma umekaribia.

Na uliza mlio unakuja lini. Ukisikika gari limesimama na injini iko kwenye mizunguko fulani tu, usipoteze muda na plastiki za ndani, tazama kwanza bati la kukinga joto la egzosi. Ukija asubuhi kwenye baridi na kupotea jua likiwaka, hapo ni plastiki kweli: kipande cha urefu wa mita 1 kikipata tofauti ya joto ya nyuzi 30 kinaweza kurefuka milimita 2 hadi 3, wakati chuma kilichokishikilia hakifiki nusu milimita. Nafasi hufunguka na kujifunga kila siku.

Dhana: paka mafuta, mlio utaisha

Kwanza tofautisha. "Tak tak" ni kitu kimelegea, na mafuta hayakazi kitu. "Kwii kwii" ni vitu viwili vinasuguana, na hapo kilainishi kina nafasi, lakini si cha jamii ya petroli kwenye mipira ya mlango. Mafuta hayo huvimbisha aina nyingi za mpira, hushika vumbi, na mlio hurudi mkali zaidi. Safisha mpira kwa maji na sabuni, ukaushe, paka grisi ya silikoni kidogo sana. Kati ya plastiki na plastiki mimi natumia tepu ya kitambaa, ile yenye manyoya. Haimwagiki na haihami mahali ulipoiweka.

Dhana: kaza skrubu hadi mwisho

Ukipitiliza unapasua kishikio cha plastiki, na kishikio kilichopasuka hakishiki tena. Vipande vingine vimeundwa vicheze kidogo kwa ajili ya joto. Kaza hadi ikae, basi.

Dhana: gari likizeeka lazima lilie

Kinachozeeka ni klipu, sponji na mipira. Vyote hubadilishwa. Na gari jipya likiwa na klipu moja haikuingia vizuri kiwandani, nalo litalia.

Dhana: bandika matandiko ya kuzuia sauti

Hayo hutuliza bati linalotetemeka, na kwa kazi hiyo ni mazuri. Klipu iliyolegea chini yake itaendelea kugonga, ila sasa utaipata kwa shida zaidi.

Dhana: ni kero tu, haina hatari

Hapa sina subira. Mlio unaobadilika ukikata kona au ukishika breki, au unaogonga ukipanda tuta, usiuhesabu kuwa wa ndani mpaka gari limenyanyuliwa na mtu ameangalia viungo vya chini vya gari: boljointi, bushi, linki za stabilaiza, shokapu na nati za tairi.

Upande wa pili, kuna wanaojaza sponji ndani ya plastiki za nguzo za pembeni ili zikae kimya. Kwenye magari mengi eabegi ya pazia, yaani mfuko wa hewa unaofunguka ajali ikitokea, hupita juu ya milango na kushukia hapohapo. Kitu ulichokisokomeza kinaweza kuizuia isifunguke sawasawa, au kurushwa usoni kwa abiria. Nguzo yenye alama ya eabegi usiifungue mwenyewe. Hata fundi huchomoa kwanza waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa umeme uliobaki kwenye mfumo uishe, ndipo aiguse.