Mguu wa ng'ombe ukivunjika: majani, mabanzi na yanayosemwa zizini

Kaa na wafugaji, iwe Simanjiro au Kajiado, hutakosa mzee anayejua majani ya kuunga mfupa. Usimbeze. Mara nyingi ameshaganga ndama kadhaa na wakatembea. Ila akisimulia, sifa yote huyapa majani, na vile vijiti alivyovifunga havitaji kabisa.

"Ng'ombe akivunjika mguu, dawa yake ni kisu"

Kwa baadhi ni kweli. Ng'ombe mzima aliyevunjika paja, au mfupa wa juu wa mguu wa mbele karibu na bega, hafungiki kwa vijiti. Nyama ni nyingi na banzi halipati pa kushika. Mfupa uliotoboa ngozi nao una matumaini madogo. Lakini mara nyingi mguu huvunjikia chini zaidi, kati ya goti la mbele na kwato, au sehemu kama hiyo ya mguu wa nyuma. Ndama huvunjika hapo hata siku ya kuzaliwa, pale anapovutwa kwa kamba kwa sababu mama ameshindwa kumtoa. Mfupa huo uko karibu na ngozi, unashikika, unanyoosheka. Tena ng'ombe ni mgonjwa mzuri kuliko farasi: hulala anapochoka, huvumilia kufungwa, na kwa miguu mitatu anaweza kujikokota wiki kadhaa. Kumkimbilia ndama wa aina hiyo na kisu ni hasara ya kujitakia.

"Majani ndiyo yanayounga"

Mmea unaotajwa sana ni ule utambaao wenye shina nene la kijani lenye pembe nne, wa jamii ya mzabibu, unaoota kwenye vichaka vya nyika kavu. Wamaasai huuita osukurtuti. Kwa wataalamu wa mimea ni Cissus quadrangularis. India wameutumia kwa mifupa tangu zamani, na watafiti wa huko walianza kuujaribu kwa wanyama wa maabara katika miaka ya 1960 wakaripoti kwamba mfupa ulishika mapema zaidi. Si jambo la kupuuza. Lakini kumpa panya dondoo lililopimwa si sawa na kubandika shina lililopondwa juu ya ngozi ya ng'ombe wa kilo 300. Isitoshe, shina hilo lina chembe kali za oksaleti ya kalsiamu zinazowasha. Likikaa bichi chini ya kitambaa kilichobana, linaweza kuacha kidonda pale pale unapotaka pawe salama.

Mfupa hujiunga wenyewe. Damu huganda kwenye ufa, tishu laini ya gegedu huota na kuziba, kisha madini hujaa humo na pakawa mfupa. Hayo hutokea kwa majani na bila majani, mradi ncha zikutane, damu ifike na mguu usitikisike. Waganga hodari wa jadi wanalijua hili kwa mikono yao hata kama midomo husema majani. Mtazame mmoja akifanya kazi: dawa huipondaponda upesi, lakini kuchagua vijiti, kuvilinganisha na urefu wa mguu na kukata kamba za ngozi humchukua muda mrefu. Ndama huhitaji wiki 4 hadi 6 hivi, na ng'ombe mzima wiki 8 hadi 12.

"Dawa ibadilishwe kila asubuhi, na mguu ukandwe"

Kwangu hii ndiyo dhana inayoharibu kuliko zote, maana inatoka kwa mtu mwenye bidii. Kila ukifungua banzi ili uweke majani mapya, ile tishu changa inachanika na kazi inaanza upya. Kukanda kwa maji ya moto juu ya ufa ni vivyo hivyo. Ndama anayekua hufunguliwa baada ya wiki 3 hivi kwa kuwa mguu umenenepa, kisha hufungwa tena siku hiyo hiyo.

Kukaza nako kuna mipaka. Siku za mwanzo mguu huvimba, na kamba iliyokazwa juu ya uvimbe hukata damu. Weka pamba au matambara ya kutosha chini ya vijiti, na banzi lishike kiungo cha juu na cha chini ya ufa. Likiishia katikati ya mfupa, linageuka mtaimbo wa kuuvunja zaidi. Kwato ikiwa ya baridi, au ukisikia harufu mbaya, fungua mara moja na uite daktari wa mifugo.

Kuhusu kupaka samadi au majivu pale mfupa ulipotoboa ngozi, sina maneno mengi: samadi hubeba vimelea vya pepopunda. Osha kwa maji safi yenye chumvi, funika, tafuta dawa.

"Apewe mifupa iliyosagwa ili apate mifupa"

Hii ina chembe ya ukweli. Ng'ombe anayelishwa kwenye malisho yenye uhaba wa fosforasi hutafuna mifupa porini, na mifupa yake mwenyewe hudhoofika na kuvunjika kirahisi. Lakini Arnold Theiler, mtafiti wa magonjwa ya mifugo huko Afrika Kusini, alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba ng'ombe hao hula pia sumu ya botulizimu kutoka kwenye mizoga, wakapooza na kufa. Jiwe la madini la kulamba linatosha.

"Paja limevimba na linachakarika, basi mfupa umesagika"

Mfupa uliovunjika huonekana: mguu unaning'inia au unapinda pasipo na kiungo. Ukiona mnyama aliyenona, wa kati ya miezi 6 na miaka 2, anachechemea ghafla, ana homa, na paja likibonyezwa linachakarika chini ya ngozi, hiyo ni gesi. Ni chambavu, ugonjwa wa bakteria unaooza misuli, na huua ndani ya siku moja au mbili. Kumfunga banzi ni kupoteza saa chache ambazo penisilini ingeweza kusaidia, na hata hivyo wengi hawaponi. Akifa asichunwe wala kuliwa. Afukiwe chini sana au achomwe, na waliobaki wachanjwe.