Mtoto wa Mbwa Anayetafuna Kila Kitu: Ushauri kwa Wafugaji wa Tanga

Wafugaji wengi wa mbwa jijini Tanga, wawe wa Raskazone, Makorora au Pongwe, hutufikishia sisi wataalamu wa mifugo lalamiko lilelile: mtoto wa mbwa aliyechukuliwa ili akue awe mlinzi ametafuna ndala zilizoachwa mlangoni, pindo la mkeka, mguu wa kiti na mpira wa kumwagilia bustani, na kadiri anavyochapwa ndivyo anavyozidi. Wengi huamini kwamba mbwa huyo ni mkorofi, au kwamba analipiza kisasi kwa kuachwa peke yake. Imani hiyo si sahihi, na ndiyo inayowaletea wanyama wengi mateso yasiyomfaidi yeyote nyumbani.

Mtoto wa mbwa huota meno ya utoto 28, ambayo huanza kuchomoza akiwa na umri wa wiki tatu hivi. Kati ya mwezi wa tatu na wa nne meno hayo huanza kung'oka na kupisha ya ukubwani, ambayo kwa kawaida hutimia 42 anapofikisha miezi saba. Katika kipindi hicho ufizi huvimba na kuuma, na kutafuna humpa nafuu, ndiyo maana mwenye nyumba anaweza kukuta jino dogo limenasa kwenye ndala au matone machache ya damu kwenye kitambaa, jambo ambalo halipaswi kumtia hofu. Meno yakishakamilika hamu ya kutafuna haikomi papo hapo. Huendelea hadi mwaka mmoja na pengine zaidi, hasa kwa mbwa anayeshinda amefungwa mnyororo bila matembezi, bila mchezo na bila mtu wa kumsemesha. Mbwa wa namna hiyo hatafuni kwa sababu ya meno, bali kwa sababu hana jambo jingine la kufanya, na hakuna dawa itakayomsaidia kabla hajafunguliwa na kutembezwa.

Viatu humvutia kuliko vitu vingine kwa kuwa vimebeba jasho na harufu ya watu aliowazoea. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni njema, lakini kwenye nyumba yenye mtoto wa mbwa viatu hivyo viwekwe juu, kwenye rafu au kapu lililotundikwa. Waya za umeme nazo zipitishwe mahali asipofika, na sumu ya panya isiwekwe kabisa katika eneo analozurura.

Kuhusu kuchapa, ni muhimu ifahamike kwamba mbwa huhusisha adhabu na kile anachokifanya wakati uleule. Akichapwa saa moja baada ya kuharibu kiatu, hajui anachapwa kwa lipi. Kule kuinamisha kichwa na kufyata mkia ambako watu hukuita kukiri kosa ni woga tu. Lililo baya zaidi ni kwamba mbwa anayekimbizwa na kunyang'anywa hujifunza kumeza haraka kile alichokiuma ili asinyang'anywe. Njia iliyo salama ni kubadilishana naye: mwonyeshe kipande cha samaki kisicho na miiba, akiachia kiatu mpe, kisha mkabidhi kitu chake cha kutafuna na umsifu anapokitafuna. Ikumbukwe pia kwamba ukatili kwa wanyama umekatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kitu hicho chake hakihitaji gharama kubwa. Kitambaa kizito cha pamba kilichofungwa fundo, kikaloweshwa na kugandishwa kwenye friji, hutuliza ufizi vizuri sana, mradi kiondolewe kinapoanza kuchanika. Karoti nzima iliyopozwa inafaa, na vilevile mpira wa kuchezea ulio mkubwa kuliko mdomo wake. Kipime kitu kwa ukucha wa kidole gumba: kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno na kinaweza kumvunja jino. Kiatu kikuukuu asipewe, kwa sababu hana namna ya kukitofautisha na kipya.

Hapa Tanga lazima tuizungumzie kamba ya katani, kwa kuwa inapatikana kila mahali na wengi humpa mbwa wakidhani ni salama kwa vile imetokana na mmea. Nyuzi zake hazimeng'enywi tumboni. Zikimezwa kwa urefu, ncha moja ikanasa, utumbo hujikunja juu yake na unaweza hata kukatika. Hatari hiyohiyo imo katika vipande vya nyavu na mishipi vinavyotupwa kando ya bahari, ambavyo humvuta mbwa kwa harufu ya samaki na mara nyingine huwa na ndoana. Kokwa la embe na gunzi la muhindi huziba utumbo, nayo mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali.

Mbwa anayebadilika ghafla, akauma mawe na vijiti ovyo, akatokwa na mate mengi au sauti yake ikabadilika, asiguswe mdomoni, kwani huenda ana kichaa cha mbwa. Toeni taarifa mara moja kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya ugonjwa huo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto wa mbwa anayetapika mara kwa mara, anayekataa chakula au asiyepata choo baada ya kutafuna kamba apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja kesho. Uzi ukionekana unaning'inia mdomoni au sehemu ya haja kubwa, usiuvute, kwa kuwa kuuvuta kunaweza kuupasua utumbo. Mzuie asiutafune zaidi na umpeleke kama alivyo.