Mafunzo ya watu wazima kuhusu ukatili katika mahusiano ya vijana: maana yake nini?

Ukatili katika mahusiano ya vijana ni pale mmoja wa wapenzi, wakiwa bado umri wa shule au ndio kwanza wametoka, anapomtawala mwenzake kwa vitisho, matusi, kipigo, kumlazimisha ngono au kumfuatilia kila aendako. Mafunzo tunayoyazungumzia hapa hawapewi vijana wenyewe. Wanapewa watu wazima wanaowazunguka: wazazi, walimu, makocha, viongozi wa dini, shangazi na wajomba. Wanajifunza kuitambua hali hiyo mapema, kujua la kusema kijana anapowaendea, na kujua pa kumpeleka.

Somo la kwanza huwa ni dalili, na hapo watu wazima wengi hushtuka, maana walikuwa wakisubiri jicho lililovimba. Kipigo mara nyingi huja baadaye sana. Kabla yake kuna simu. Chukua msichana wa kidato cha tatu. Simu inaita, hapokei kwa sababu yuko jikoni na mama yake. Baada ya dakika chache inaita tena, kisha unaingia ujumbe: "Uko wapi? Uko na nani? Nitumie picha hapo ulipo." Anaenda chooni, anajipiga picha, anatuma. Baadaye anatakiwa atoe neno la siri la simu yake, kuthibitisha kwamba hana mwingine. Kisha anaambiwa aache kukaa na rafiki yake fulani darasani. Hajaguswa hata kidole, lakini tayari anaishi kwa ruhusa ya mtu. Mama yeye anaona binti asiyebanduka kwenye simu, anamgombeza kwa uvivu.

Wavulana nao hufanyiwa haya, na aibu huwafunga midomo zaidi.

Ugumu wenyewe, hasa kwetu Afrika Mashariki, uko kwenye siri. Nyumba nyingi haziruhusu kabisa kijana wa shule awe na mpenzi, na wazazi wana sababu zao ambazo mimi sizibezi. Lakini anayemtesa msichana anaijua marufuku hiyo na anaitumia: "Ukiniacha, nampelekea baba yako picha zako." Kitisho kinafanya kazi kwa sababu msichana analijua swali la kwanza atakaloulizwa nyumbani: "Kumbe una mwanaume?" Akishaulizwa hivyo, mazungumzo yamekwisha. Anarudi kwa anayemwumiza, kwa kuwa ndiye pekee anayeijua siri yake.

Ndiyo maana mafunzo mazuri hutumia muda mwingi kwenye sentensi ya kwanza. Washiriki huigiza wawili wawili, mmoja akiwa kijana, mwingine mzazi au mwalimu. Wanazoezwa kusema maneno mepesi ambayo mdomoni huwa mazito: "Nashukuru umeniambia. Kosa si lako. Sasa hivi uko salama?" Mzazi haambiwi abadili msimamo wake kuhusu mapenzi ya shuleni. Anaambiwa tu mjadala huo usubiri mpaka mtoto awe salama. Vilevile anafundishwa asiahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, kwa sababu huenda siku ileile akalazimika kwenda polisi au hospitali, na ahadi ikivunjwa, kijana hatarudi tena.

Upande wa wavulana kuna mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu. Marekani upo mpango uitwao Coaching Boys into Men, ulioanzishwa na shirika la Futures Without Violence. Kocha wa timu ya shule anapewa mafunzo mafupi ya kama saa moja na seti ya kadi. Kisha msimu mzima, mara moja kwa wiki, anakaa na wachezaji wake dakika kumi na tano hivi kabla ya mazoezi, wakizungumzia heshima, matusi dhidi ya wasichana, hasira, na maana ya kukubali na kukataa. Mpango huo ulipimwa katika shule 16 za sekondari huko Sacramento, California, kwa wachezaji zaidi ya 2,000. Matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 2012: wavulana wa makocha waliofunzwa walikuwa na nia kubwa zaidi ya kuingilia kati wanapoona mwenzao akimdhalilisha msichana. Ufuatiliaji wa mwaka mmoja ulionyesha pia kwamba waliripoti kuwafanyia wapenzi wao ukatili kidogo kuliko wavulana wa timu nyingine.

Nguvu ya mpango huo, kwa maoni yangu, ni kwamba haukumleta mgeni. Kocha ndiye anayempanga mchezaji kwenye kikosi au kumwacha benchi. Akinyamaza wakati wachezaji wanacheka picha ya msichana inayozungushwa kwenye simu, kimya chake wanakichukua kama ruhusa. Akisema "hapa kwetu hatufanyi hivyo," wanamsikia kuliko mhadhiri yeyote. Timu za mitaani na madrasa zetu zina watu wenye sauti kama hiyo. Pwani kulikuwa, na bado wapo, makungwi, wanaoitwa pia somo, waliokabidhiwa mwari wamfunde, kwa hiyo kumpa mtu mzima mmoja anayeaminika kazi ya kuzungumza na kijana si jambo geni kwetu.

Jambo moja mafunzo lazima yalitenganishe mapema: mwanaume mtu mzima anayempa mwanafunzi lifti, nauli au simu kisha akamtaka kimapenzi hayuko kwenye "mahusiano ya vijana". Kwa Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 inasema wazi kwamba kufanya ngono na mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Hilo halisuluhishwi kwa vikao vya familia wala kwa faini ya mbuzi.

Pa kupeleka taarifa papo. Namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya, na polisi Tanzania wana madawati ya jinsia na watoto. Na kabla ya kufika huko, mtu mzima asimnyang'anye kijana simu kwa hasira wala kufuta chochote. Vitisho vilivyomo humo ni ushahidi, kwa hiyo viachwe vilivyo, pamoja na tarehe na namba zilizovituma. Ikiwa kuna picha za utupu za mtoto, zisitumwe kwa mtu yeyote, hata shangazi anayeombwa ushauri. Simu yenyewe ipelekwe kwa polisi.