Mbwa Amekung'ata? Usisubiri Korosho Ziuzwe

Kichaa cha mbwa ni nini?
Ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia kwenye jeraha hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo.

Kidonda changu kimekauka. Sindano ya nini tena?
Hili ndilo linalotuchosha. Kidonda kukauka hakuhusiani na ugonjwa huu hata kidogo. Virusi husafiri kimyakimya, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, wewe ukiendelea kupalilia mihogo yako. Ukishaanza kuogopa maji na kuweweseka, si madaktari wa hospitali ya Ndanda wala wa Muhimbili watakaokuponya. Nenda hospitali ukachomwe sindano za chanjo siku ileile uliyong'atwa.

Nilikuwa nasubiri malipo ya korosho.
Virusi havijui mnada. Uza kuku, kopa kwa jirani, mbane mwenye mbwa achangie, lakini nenda leo. Umeshachelewa wiki mbili? Nenda leo vilevile.

Kabla ya kufika hospitali nifanye nini?
Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Sabuni ya mche inatosha. Kama hakuna bomba, mtu akumiminie kwa kata. Dakika 15 ni ndefu, kwa hiyo tazama saa. Pilipili, mafuta ya taa na jiwe jeusi viacheni, jamani.

Sindano zenyewe si hupigwa tumboni?
Zamani. Siku hizi ni mkononi, kwa tarehe utakazopangiwa. Usiishie ya kwanza.

Mtoto ana alama za meno lakini anakana.
Anaogopa bakora kwa kuwa alimchokoza mbwa. Weka fimbo chini, mpeleke.

Mbwa wangu amekuwa mkali ghafla. Nimtafutie mkufunzi?
Mkufunzi hurekebisha tabia ya mbwa asiye mgonjwa. Mbwa mpole aliyeanza kung'ata hata kuni, au mkali aliyegeuka mpole kupita kiasi, anayechuruzika udenda, sauti imebadilika na taya limelegea, huyo ni wa afisa mifugo. Mfungieni, msimshike.

Tumeshamuua. Si yameisha?
Hayajaisha! Mliyemuua ni mbwa. Kilichoingia mwilini mwa mtu bado kimo. Mwiteni afisa mifugo aseme mzoga ufanyweje, na aliyeng'atwa aende hospitali leo. Kama mbwa yu hai na anaonekana mzima, afungwe aangaliwe siku 10, huku sindano zimeshaanza. Akimaliza siku hizo bila kuugua, mhudumu ndiye atakayeamua kama zilizobaki zisitishwe.