Kiinitete Hakilali Ndani ya Tone

Weka kiinitete (mimba changa ya siku za mwanzo) kimoja cha panya ndani ya tone la mikrolita 25, kisha weka kumi ndani ya tone jingine la ujazo uleule. Kiowevu cha kukuzia kiwe kimoja, joto nyuzi 37, na juu mfunike kwa mafuta yaleyale. Vile kumi vitakua vizuri zaidi. Watafiti Paria na Dey walilionyesha hilo mwaka 1990: viinitete vilivyokaa kimoja kimoja vilifika hatua ya blastosisti (kifuko cha seli kilicho tayari kujipandikiza) kwa uchache, tena vikiwa na seli pungufu. Walipovitilia vichocheo vya ukuaji, EGF au TGF-alfa, hali iliboreka.

Maana yake ni kwamba kiinitete hakikai kikingoja kulishwa. Kinatengeneza vichocheo, kinavitoa nje, na seli zake zenyewe zina vipokezi vya kuvinasa. Ndani ya mrija wa uzazi nafasi ni finyu mno, hivyo kinachotolewa hubaki jirani. Kwenye tone kubwa hutawanyika: chumvi inayokoleza kikombe haionjeki kwenye pipa.

Kichocheo ninachokifuatilia kwa shauku kubwa ni PAF, ambayo si protini bali ni aina ya mafuta. Mtafiti Chris O'Neill wa Sydney aliichunguza kwa miaka mingi. Katika kiinitete cha seli mbili, PAF ikishika kipokezi chake, kalsiamu ndani ya seli hupanda ghafla na kushuka, na seli hupata ishara ya kuendelea kuishi. Kwa kuwa ni mafuta, PAF huhitaji albumini, protini inayotiwa kwenye kiowevu, ya kuibeba, ndiyo sababu sikubali albumini ihesabiwe kuwa chakula tu. O'Neill aliona pia kwamba viinitete vilivyotungishwa maabarani huhitaji vichocheo hivi zaidi kuliko vile vilivyotungishwa ndani ya mama.

Hata hivyo, hakuna kichocheo kimoja kinachoshika hatamu zote. Panya waliofutiwa jeni ya TGF-alfa huzaliwa hai, wakiwa na manyoya ya mawimbi. Vichocheo vingine, vikiwemo vya mama, huziba pengo.

Basi tujaze viinitete tele kwenye tone dogo? Hapana. Amino asidi za kwenye kiowevu huvunjika na kuacha amonia, na viinitete vikirundikana, virutubisho huisha upesi. Tena kliniki nyingi hukuza viinitete vya binadamu kimoja kimoja ili kila kimoja kifuatiliwe. Mbinu ninayoipenda ni ya mtafiti Gábor Vajta na wenzake, ya mwaka 2000: vishimo vidogo sana kwenye sakafu ya kijishimo cha sahani ya maabara, kila kiinitete na kishimo chake, kiowevu cha juu kikiwa cha wote.

Ripoti ikinitajia jina la kiowevu bila ujazo wa tone na idadi ya viinitete vilivyomo, siwezi kulinganisha matokeo yake na ya maabara nyingine.